Redio ya chuo hapa Tabora: maoni ya kinyozi anayeisikiliza kutwa

Mimi ni kinyozi. Saluni yangu iko Isevya, na redio inaongea tangu nafungua mlango asubuhi mpaka nazima taa usiku. Mteja akishakaa kwenye kiti na kitambaa kikafungwa shingoni, mikono iko ndani, simu hawezi kuichezea, kichwa hakigeuzi bila mimi kumwambia. Kilichobaki huru ni masikio. Kwa hiyo redio ninayofungulia watu ni sehemu ya huduma ninayouza, na nimeona niandike kuhusu moja ambayo imenifurahisha na kuniudhi kuliko nyingine zote: redio ya chuo kimoja hapa mjini.

Jina silitaji. Wanaoiendesha ni wanafunzi, wengine ndiyo kwanza wameshika maiki, na mengine nitakayosema yatawauma. Watu wa Tabora mkizungusha redio mtaikuta wenyewe. Inakamatika vizuri Isevya, Ng'ambo, Kanyenye, Cheyo na katikati ya mji. Ukielekea Kwihara inaanza kukwaruza, na ukiendelea mbele inapotea kabisa. Sauti yake ni safi siku ambazo mitambo haijasumbua. Umeme ukikatika kwao, ujue kimya kinaweza kuwa cha muda mrefu.

Nianze na mchana, kwa sababu ndio muda saluni inajaa.

Mchana redio hii haina tofauti na redio kubwa za Dar es Salaam. Nyimbo ni zilezile zinazotamba wiki hiyo, zinapigwa, zinarudiwa, jioni zinapigwa tena. Mtangazaji anaongea haraka, anavuta maneno, anatusimulia foleni ya Mwenge na kesi za mastaa ambao hajawahi kukutana nao. Kijana amekaa Tabora, nje kuna miembe na bodaboda wa stesheni, lakini ukimsikiliza utadhani yuko Sinza. Mteja mmoja, dereva wa lori la tumbaku, aliniuliza kwa nini nasikiliza redio ya Dar yenye mawimbi mabovu wakati ya Dar yenyewe inakamatika hapahapa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Bongo Fleva wala singeli. Vijana wangu wawili wa kazi wanazipenda, wateja wengi wanazitaka, na wimbo unaotamba mara nyingi unatamba kwa sababu ni mzuri. Mtu akiingia kunyoa kwa ajili ya harusi ya kaka yake anataka ngoma inayompandisha mori, na namwekea. Lakini hizo zinapatikana kila mahali. Ziko kwenye flashi yangu, ziko kwenye simu ya kila mtu, ziko kwenye sabufa ya muuza chipsi jirani. Redio ya biashara inalazimika kuzipiga, kwa sababu inaishi kwa matangazo, na mwenye tangazo la sabuni analipia masikio mengi kwa mpigo mmoja. Ikipiga wimbo wasioujua watu, inaogopa watahama. Redio ya chuo haina mzigo huo. Umeme unalipwa na chuo, watangazaji wako darasani, na hakuna wa kuwafukuza wasikilizaji wakipungua mchana mmoja. Uhuru wa namna hiyo ni adimu sana katika nchi yetu, halafu wao wanautumia kupiga wimbo uleule ambao redio nyingine nne zinaupiga dakika hiyohiyo. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa njooni Alhamisi usiku.

Saa tatu anaingia kijana mmoja mwenye sauti ya chini, hana haraka. Kazi yake ni muziki wa zamani, hasa wa huku magharibi. Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani ni kile kipindi cha zilipendwa kilichopo kila redio: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Msondo, Sikinde, kwisha. Sivyo. Huyu anaanza na tulichokuwa nacho hapa. Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, iliyotoka Tabora hii. Nyanyembe Jazz. Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, na mwanamuziki wao Shem Karenga ambaye asili yake ni Kigoma. Kisha Western Jazz, ambayo watu wanaihesabu kuwa ya Dar, na yeye anakumbusha kwamba aliyeianzisha mwaka 1959, Iddi Nhende, ni mtu wa Nzega, na kwamba hiyo Magharibi ya kwenye jina ni huku kwetu. Akimaliza anapiga saboso, mtindo wa Western Jazz, gita la mpigaji wao Rashid Hanzuruni linaingia, na mashine mkononi mwangu inapunguza mwendo yenyewe.

Kitu alichokifanya kijana huyu, ambacho sijasikia redio nyingine ikikifanya, ni hiki. Tabora Jazz wana wimbo mmoja ambao kila Mtanzania aliyefika makamo anaujua. Ukisema Tabora Jazz, redio zote zinapiga huo. Yeye aliupiga siku ya kwanza, akasema, "Huu mnaujua, basi leo tumeumaliza," na tangu hapo anapiga nyingine. Nyimbo za bendi hiyohiyo, sauti zilezile, magita yaleyale, ambazo hata mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa sizijui. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata ndani ya muziki wa zamani kuna unaojulikana na usiojulikana. Redio inaweza kujisifu kwamba inaenzi muziki wa kale, kumbe inazungusha nyimbo ishirini tu na kuyaacha mamia kwenye giza.

Na yako mamia. Kabla redio binafsi hazijaanza mwaka 1994, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, ya serikali, na bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilipanda treni hadi Dar es Salaam kurekodi kwenye studio za Redio Tanzania. Fikirieni maana yake kwa watu wa huku. Wanamuziki wanashuka na vyombo vyao, wanarekodi nyimbo kadhaa, wanarudi. Zilizopendwa na wapangaji wa vipindi zikawa maarufu. Nyingine zilibaki kwenye kanda. Wimbo ulionyimwa nafasi wakati ule haukupata mlango wa pili, kwa sababu hapakuwa na redio ya pili.

Nawapa mfano wa kilichotokea kwangu kwenye kipindi hiki. Alikuwa kwenye kiti mzee mmoja aliyefanya kazi reli, mteja wangu wa siku nyingi, ananyoa kipara na ndevu. Kijana wa redio akapiga wimbo wa Kiko Kids. Nilikuwa nimefika nyuma ya sikio la kushoto. Mzee akainua kidole nje ya kitambaa, akasema, "Zima hiyo mashine, mwanangu." Nikazima. Akasikiliza wimbo wote hadi mwisho, midomo inatembea na maneno, mguu unapiga chini kwenye kile chuma cha kiti. Wimbo ulipoisha akaniambia jina la aliyempeleka dansini usiku aliousikia mara ya mwisho, na jina la ukumbi, na rangi ya shati alilovaa. Kijana wangu wa kazi, ambaye kila siku ananiomba niweke singeli, alikuwa amesimama na taulo mkononi. Akauliza, "Babu, hawa walikuwa wa hapahapa?" Mzee akamjibu kwamba walikuwa wa hapahapa, na akaanza kumwelekeza nyumba kwa nyumba. Mteja aliyekuwa anasubiri zamu hakulalamika. Alitaka wimbo mwingine.

Hivyo mtu asiniambie wasikilizaji hawataki wasichokijua.

Lakini kuna Jumamosi, na Jumamosi ina tatizo la aina nyingine.

Jumamosi usiku wa manane anakaa mwanafunzi mwingine, naye ana msimamo wake: wimbo unaojulikana haupigwi. Mwanzoni nilifurahi. Niliacha redio wazi nikiwa nafagia na kuchemsha vifaa. Zikapita ngoma za ajabu, magita yanayolia mpaka sabufa inatetemeka, vinanda bila mwimbaji, mtu ananong'ona kwa lugha nisiyoijua, na zote hazikuwa na jina. Anapiga nusu saa mfululizo. Akija hewani anasema, "Nina uhakika hakuna anayewajua hawa," anacheka, anaendelea. Ningependa kumwambia ana kwa ana: ndugu yangu, kutokujulikana kwa hao watu si sifa yao wala sifa yako. Wanamuziki wale walirekodi ili wajulikane. Ukiupiga wimbo wao bila kutaja jina, unaisha haujulikani kama ulivyoanza, na mimi niliyeupenda sina pa kuutafutia. Kuna mmoja ulikuwa na ngoma nzito na filimbi, mpaka leo sijui ni wa nchi gani, na ningeulipia.

Nampa haki yake, hata hivyo, kwa sababu Jumamosi moja alifanya kipindi bora kuliko vyote nilivyosikia kwao. Alieleza redio za vyuo za Marekani zilivyofanya kazi. Kundi la muziki la R.E.M., alisema, lilianza mwaka 1980 Athens, mji wa chuo huko Georgia, na redio za wanafunzi ndizo zilizolibeba kwa miaka, redio kubwa zikiwa bado hazijaligusa. Kule Seattle, Chuo Kikuu cha Washington kilikuwa na redio ya wanafunzi iliyoanza mwaka 1972 ikiitwa KCMU, siku hizi ni KEXP. Vikundi vya eneo lile vilipata pa kusikika pale, Nirvana wakiwemo, kabla dunia haijawajua mwaka 1991. Akataja nyingine, WFMU, iliyokuwa ya Upsala College kule New Jersey; chuo kilifungwa mwaka 1995 na redio bado iko hewani, wasikilizaji wanaichangia wenyewe. Kila alipotaja kundi alipiga wimbo wake mmoja na kueleza nani anaimba na anapiga nini. Nilisikiliza hadi mwisho nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea.

Kilichonishika zaidi ni habari ya Seattle. Wale wanafunzi waliwapigia watu wao muziki wa mtaa wa pili. Hawakulazimika kwenda mbali kutafuta wasiojulikana. Walikuwa nao hapo mlangoni, wanakuja na kanda mkononi. Ndicho ninachokiomba hapa. Wasiojulikana wa Tabora wako wapi kwenye redio ya Tabora? Wapiga zeze wa Sikonge wako hai. Vikundi vya ngoma za Kinyamwezi vinaitwa kwenye sherehe za serikali, vinacheza viongozi wakishuka kwenye gari, na maiki ya redio ya chuo haijawahi kufika kwao zaidi ya kurekodi hotuba ya mgeni rasmi. Kwaya za makanisa, kaswida za madrasa za Ng'ambo, vijana wanaorap kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyamwezi. Wengi wa hao wanaishi ndani ya masafa ya mnara ule.

Kwa haki, yuko mmoja ameanza. Jumanne jioni, saa kumi na moja, kuna binti anayetangaza kwa Kiswahili chake cha kawaida, anasalimia "Mwadila" kama mtu wa hapa, na mpango wake ndio ninaouona mzuri kuliko wote. Anachukua wimbo unaotamba, anaupiga wote, hamdharau mtu anayeupenda. Kisha anasema, kama umeupenda huu kwa sababu ya lile gita, msikilize na huyu. Anapiga cha msanii asiyejulikana, anataja jina mara mbili, mwanzo na mwisho, anataja anakotoka na aliyemrekodi. Siku moja alipiga wimbo wa kijana wa Kaliua aliyerekodi chumbani kwa rafiki yake. Wimbo unahusu baba anayesubiri malipo ya tumbaku huku ada ya shule imefika. Sauti ya kurekodi ilikuwa mbaya, besi imejaa, maneno mengine hayasikiki. Mteja wangu aliyekuwa ananyolewa panki akaruka kwenye kiti, nusura nimkate: "Huyu namjua! Tulisoma naye Milambo!" Akapiga simu pale pale, kitambaa kikiwa shingoni. Yule msanii alikuwa nyumbani, hana habari kama yuko hewani. Maongezi yao tuliyasikia saluni nzima.

Binti huyu ana nusu saa tu kwa wiki. Wale wa mchana wana saa nne kila siku. Mwenye kupanga ratiba pale chuoni angebadilisha hesabu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Mambo madogo lakini yanakera. Kwanza jingo. Wanaweka sauti ya kujitangaza katikati ya wimbo, hata kwenye rekodi za zamani ambazo pengine hutazisikia tena. Ukisubiri gita la Hanzuruni, anaibuka mtu anakwambia uko kwenye redio namba moja. Tafadhali, huo utangulizi uwekeni mwanzoni, wimbo uacheni upite. Pili, likizo. Wanafunzi wakienda makwao, redio inaachiwa kompyuta, na kompyuta inarudia orodha moja mpaka tunajua wimbo gani unafuata. Likizo ndefu iliyopita nilihamia stesheni nyingine kabisa. Kuna watu wazima mjini humu, walimu wastaafu, wapiga dansi wa zamani, wenye sahani za santuri kabatini, ambao wangeshika maiki bure kwa wiki chache kama wangeombwa.

Tatu ni jambo la majina, na narudia kwa sababu lina uzito wa pesa pia. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kulipwa kazi yake ikitangazwa, na haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya yeye kufariki. Wengi wa wazee wa bendi zetu wamekufa; warithi wao wako hapa mjini, wengine nawanyoa. Redio isiyoandika imepiga nini na cha nani, hata ikitaka kulipa, itamlipa nani? Yule wa Alhamisi ana daftari. Anaandika kila wimbo, bendi, na mwaka akiupata. Alikuja kunyoa akaniachia nilipitie. Mwandiko mdogo, wino wa bluu, ukurasa wa kila wiki, na pembeni amechora alama kwa nyimbo zilizoletwa na wasikilizaji wenyewe. Watu wanamletea kanda, mmoja kutoka Urambo, mwingine alimpa kondakta wa basi la Nzega. Anazihamisha kwenye kompyuta na kuwarudishia wenyewe.

Kijana huyu yuko mwaka wa mwisho. Nilimuuliza daftari litabaki kwa nani, akasema hajaambiwa kitu. Nilimuuliza pia nyimbo alizokwisha kuhamisha ziko wapi, akanionyesha flashi iliyofungwa na funguo zake za chumba. Nawaomba wahusika wa chuo, mkisoma hapa: nakilini ile flashi wiki hii, na mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae naye studio kuanzia sasa, ajifunze majina ya wapiga magita na nyumba za warithi wao kabla mwenyewe hajaondoka.

Kwa msikilizaji wa kawaida, ushauri wangu ni huu. Mchana endelea na redio yako ya kila siku, hupotezi kitu. Jumanne saa kumi na moja jioni fungua ya chuo, na uwe na kalamu. Jumamosi usiku jaribu kama una uvumilivu, ila usimtegemee akutajie majina. Alhamisi saa tatu usiku usikose kabisa, na kama nyumbani kuna mzee aliyecheza dansi enzi zile, mkalishe karibu na spika. Nyie wa Nzega, Igunga na Sikonge mawimbi hayawafikii. Mkiwa na kanda za bendi za nyumbani, zileteni saluni kwangu Isevya, nitamfikishia mkononi akiwa bado yupo.